Walipomwita Mara ya Tatu

Nilikuwa kwenye eda, wiki ya pili, mke wa rafiki wa marehemu mume wangu alipokuja kunipa pole. Ni mama wa kutoka bara, mumewe anafundisha shule huko Mwenge. Alimwamkia shangazi wa marehemu, akavua viatu, akakaa mkekani karibu yangu.

"Mume wangu angekuja mwenyewe," alisema, "lakini nimemwambia mwenye eda haendewi na wanaume ovyo. Amenituma. Jumapili jioni, yeye na wenzake wakikutana kwenye redio, watamwita mumeo kwa mara ya mwisho. Wanaita mara tatu, halafu wanakaa kimya. Ndiyo desturi yao mwenzao akifa."

Shangazi aliacha kuchambua mchele. "Wanamwita nani?"

"Marehemu, mama."

"Maiti anaitwa? Na akiitika?"

Mgeni alinitazama mimi. Alinitajia namba ya masafa yao, akanishika mkono kwa muda mrefu, akaondoka.

Mume wangu alikuwa fundi wa friji. Redio ilikuwa starehe yake. Hakuwa mtangazaji, alikuwa na leseni ya kuzungumza na wenzake hewani, kila mmoja akiitwa kwa herufi na namba zake badala ya jina. Juu ya kilima wana mashine yao, ripita, inayopokea sauti dhaifu na kuirusha upya kwa nguvu, ili wa Temeke asikilizane na wa Kinondoni. Sisi tuko Kinyerezi, upande wa bondeni. Redio ya mkononi ukiwa nayo ndani inakoroma tu. Kwa hiyo alifunga antena kwenye mnara wa tangi la maji, akashusha waya hadi kwenye meza ya pembeni sebuleni. Juu ya meza kulikuwa na kompyuta, redio ndogo isiyo na kitufe hata kimoja, kazi zake zote zikifanywa na programu ya hiyo kompyuta, na kikasha cha chuma kati ya redio na antena. Hicho kikasha alikiita transvata.

"Hii redio haifiki namba za juu waliko wenzangu," aliniambia siku moja nilipompelekea chai. "Mie nasema huku chini, kikasha kinanipandisha. Wao wakisema kule juu, kinawashusha kwangu."

Sikuuliza zaidi. Mimi niliishia darasa la saba, na mambo ya namba nilimwachia yeye.

Nilichokitaka Jumapili ile kilikuwa kidogo tu: waite nyumba yenye mtu. Sikutaka wale watu waliozoea sauti yake kila wiki wamwite mara tatu huku mashine imefunikwa kitambaa kama mali isiyo na mwenyewe.

Shangazi hakukubali. Alikuwa ametoka Kimbiji kuja kukaa nami mpaka eda iishe, na alijua wajibu wake.

"Mwanamke wa eda unawasha mashine usikilize sauti za wanaume?"

"Sitasema nao, shangazi. Nitasikiliza tu."

"Kusikiliza ndiko kunakoanza."

"Na taarifa ya habari ya jana, aliisoma nani?"

"Yule anasoma habari. Hamwiti maiti."

Kusema kweli, na mimi sikuwa na hakika. Tumefundishwa kwamba marehemu anaombewa. Hatukufundishwa kwamba anaitwa. Nililala na hilo swali, nikaamka nalo.

Jumapili, baada ya alasiri, niliondoa kitambaa. Shangazi aliniona, akageuza uso. Niliwasha kompyuta, nikafungua programu ile aliyokuwa akiifungua, nikaandika namba niliyopewa: mia nne thelathini na tatu na vipande vyake. Ikakataa. Ikarudi kwenye namba yake ya zamani. Nikaandika tena, ikarudi tena. Niliona wataita na mimi nimekaa mbele ya mashine kama aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Ndipo nikakumbuka midomo ya mume wangu. Kila alipokuwa akiandika namba hapo alinong'ona, "Toa mia nne na nne." Kila mara, kama mtu anayetia nia. Nilitoa mia nne na nne, nikapata ishirini na tisa na vile vipande. Nikaandika. Ikakubali.

Lakini hakukuwa na kitu. Kioo cha kompyuta kilikuwa cha buluu tupu, spika inavuma.

"Hicho kidubwasha," sauti ya shangazi ilitoka nyuma yangu, "mbona leo hakina taa? Marehemu akikaa hapo kilikuwa na taa nyekundu. Nikija kuwatembelea inanikera usiku kucha."

Kikasha kilikuwa na waya wake wa umeme, umeanguka nyuma ya meza. Nikauchomeka. Taa ikawaka. Mume wangu alikuwa akikiwasha kabla ya kwenda kuswali magharibi, kwa sababu kikiwa baridi namba zinateleza. Magharibi ilipoingia, nasi tukaenda kuswali.

Tuliporudi, mstari mweupe wa ripita yao ulikuwa umesimama kwenye kioo, kando kidogo ya nilipoweka. Nikauvuta katikati, na sauti ya mwanamume ikajaa sebuleni.

Walikuwa wakiitana mmoja mmoja. "Leo sauti yako nzito, kaka, umelala wapi?" "Nimelala kwangu, wewe ndiye huna anwani." Wakacheka. Kisha mwenye kuongoza akasema tunyamaze kidogo, na akaita herufi za mume wangu na namba zake.

Hewa ikakaa wazi. Mstari ulibaki sekunde chache, ukakatika.

Akaita tena.

Maikrofoni ilikuwa karibu na mkono wangu. Mume wangu alishanionya: kusikiliza ruksa, kubonya useme mpaka uwe na leseni. Lakini nimelelewa kwamba mtu akiita unaitika, hata kama una mikono ya unga. Kukaa kimya mtu akiita mlangoni kwako kunauma. Nikaficha mikono ndani ya kanga.

Akaita mara ya tatu.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. "Tatu," alisema taratibu. "Kumbe wamepiga hodi. Mara tatu, usipoitikiwa unarudi zako, huchungulii dirishani. Ndivyo tulivyofundishwa na sie." Akavuta pumzi. "Watu wana adabu hawa."

Mstari ukakatika.

Jumapili iliyofuata ni shangazi aliyeniuliza, "Leo huwashi?"

Niliwasha mapema, kikasha kikapata moto. Shangazi alivuta kigoda akakaa. Wakaanza kuitana. Siku zote baada ya wa Temeke alikuwa anaitwa mume wangu. Wa Temeke aliitika, akasalimu, na mwenye kuongoza akaenda moja kwa moja kwa wa Mbezi. Hakusita hata kidogo.

Shangazi alisubiri. Akasubiri mpaka watu watatu wengine wakapita.

"Mbona kwetu hawajafika?"

"Walishafika Jumapili iliyopita, shangazi."

Taa nyekundu iliendelea kuwaka, wao wakiendelea kutaniana, na mimi sikujua kama nizime au niwaache wamalize.