Samaki wa Fuad Hauzwi

Mume wangu Fuad ana ugonjwa mmoja: sheria. Akiambiwa viatu viachwe upande wa kushoto wa mlango wa msikiti, ataviacha kushoto hata pakiwa pamejaa maji. Basi alipopata leseni ya kuvua kwa burudani, akaambiwa kwamba samaki atakaowapata ni wa kula na kugawa, kuuza marufuku, maneno hayo akayakariri kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Wiki nzima huuza leso dukani, akibishana na wateja mpaka sauti ikamkauka. Jumamosi asubuhi hwenda baharini Mbaraki na mshipi wake, akakaa kimya. Hana raha nyingine duniani, na nasema hivyo mimi mkewe.

Wapishi wa hoteli wakimfuata wanunue changu wake, huwasomea sheria mpaka wakakimbia. Nyumbani friji imejaa, nami nimechoka kupaa samaki. Ndipo tukaanza kumpelekea jirani yetu hapa Kuze, Bi Ummukulthum, mjane anayeshona kofia.

Na sahani, kwetu, hairudi tupu. Mara mahamri, mara vitumbua. Kisha macho yakaanza kumsumbua, kofia zikapungua, na siku moja chini ya mahamri nikakuta noti. Ameona haya kula vya watu bure. Fuad akapandwa na hasira, Jumamosi iliyofuata akairudisha pamoja na samaki. Ikarudi chini ya vibibi. Ikaenda, ikarudi. Noti moja, watu wazima wawili! Niliwaambia wazungumze, wapi.

Siku ya siku, Fuad akipokea sahani mlangoni, upepo ukainua kitambaa, noti ikaanguka mbele ya Kingi, muuza samaki wa kona yetu. Kingi naye ana uchungu wake: yeye analipia leseni ya biashara, na Bi Ummukulthum alikuwa mteja wake. Akaenda kusema.

Afisa wa uvuvi aliyekuja aliitwa Kazungu, kijana mpole.

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa unauza samaki."

"Kuuza? Wallahi sijauza hata dagaa! Hiyo ni sadaka, nampa huyu mjane hapa!"

Aliyasema hayo kwa sauti ile ya dukani. Kichochoro kizima kikasikia. Mlango wa pili ukafunguka.

"Sadaka?" Bi Ummukulthum alitoka buibui halijamkaa sawa. "Mimi, Fuad? Nimekuomba lini?" Akamgeukia Kazungu. "Mwanangu, mimi sina ndaa ya sadaka. Samaki hawa nawanunua, kwa pesa zangu."

Nilitaka kupiga ukelele. Noti yenyewe ilikuwa jikoni kwangu, ikingoja kurudishwa!

Kazungu akamuuliza Fuad kama ni kweli. Watu walikuwa wamejaa, Kingi kakunja mikono. Fuad akamtazama yule mama, aliyekuwa akihangaika kujifunga buibui.

"Ni kweli," akasema. "Namuuzia."

Kazungu akaomba leseni. Fuad akaitoa mfukoni, akampa, naye akaondoka nayo.

Tulipoingia ndani nilimfokea mpaka nikakohoa. Wewe, wa sheria, umwambie uongo mtu wa serikali? Na Jumamosi utakwenda wapi sasa?

"Nimeshamfanya maskini mbele za watu," akasema. "Wataka nimfanye na mwongo?"