Birika ya Mama Mukwe

Wakati ule wa Zaire, pale Bunia, nilichokesha watu kazini kwa kubishana: chai ya birika ya alumini inanuka chuma, ya birika ya enameli ndiyo chai.

Siku nilienda Mahagi kujitambulisha kwa wakwe, mama mukwe akatokea jikoni na birika ya enameli. Mimi huyo, nikanyoosha kikombe. Akasita, akamimina. Nikafunga macho, nikaonja polepole.

“Mama, hii ndiyo birika! Chai iko laini, hata chuma hainuki!”

Nikafungua macho. Muchumba wangu alisimama mbele yangu na beseni na sabuni.

“Mukwe,” mama akasema kwa heshima, “chai ingali kwa moto. Haya maji ya kunawa, nikuongezee?”