Maneno ya Muuguzi Niliyoyameza

Majani mabichi ya chai yakikaa guniani mchana kutwa hupata joto, na joto hilo lina harufu yake, tamu kidogo, chungu kidogo. Nikiinusa hata leo narudi kwenye kituo cha chai karibu na Kenyenya, likizo ya Agosti nilipokuwa darasa la sita. Karani akishapima majani, wanaume walimwomba mizani kwa utani, wakaning'inia mmoja mmoja kwenye ndoana. Baba yangu hakuwahi kushindwa. Mshale ulikimbia, watu wakacheka, naye akashuka akijipapasa tumbo: "Kwetu hatuzaliwi wembamba." Dada yake mkubwa, Shangazi Kwamboka, alikuwa vivyo hivyo, na mimi nilikuwa nafuata. Kwetu mwili mnene ulikuwa ushahidi kwamba nyumbani mnakula. Niliringa, sina haja ya kuficha.

Likizo hiyohiyo shangazi alianza kuumwa kisogo, hata akashindwa kuinama kuchuma chai. Nikatumwa nimsindikize zahanati, kwa kuwa yeye alijua lugha yetu ya Ekegusii tu, na muuguzi alikuwa mgeni kutoka pwani. Mimi ndiye niliyekuwa na Kiswahili, cha shule. Muuguzi alimpima mara mbili, kisha akanigeukia. "Mwambie mama ana presha. Dawa hizi ameze kila siku, asiache, na chumvi apunguze." Akauliza kama ndugu zake nao ni wanene. Nikasema ndiyo, hasa baba. "Basi awalete wote wapimwe, hata kama hawaumwi. Unene na presha vinaweza kwenda pamoja katika damu ya ukoo mmoja. Na wewe binti, ukikua, jiangalie."

Nilikasirika. Huyu mgeni ni nani hata autukane ukoo wetu, na kututia kasoro kwa kitu tulichokuwa tukishangiliwa kila jioni? Shangazi akaniuliza amesema nini. Nikamwambia habari ya dawa, nikamwambia habari ya chumvi, nikanyamaza.

"Hayo tu? Mbona ameongea sana?"

"Watu wa pwani huzunguka sana kwenye maneno, shangazi."

Akacheka, tukaenda zetu. Njiani alininunulia ndizi mbivu, nikazila zote.

Shangazi alimeza dawa zake. Baba aliendelea kuning'inia kwenye mizani. Nilipokuwa kidato cha tatu alianguka palepale kituoni, gunia mgongoni, na upande wake wa kushoto ukafa ganzi. Majirani walinong'ona kuhusu jicho la husuda. Mimi nilijua, na sikusema. Baba hakuiona Desemba. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini mimi niliyaficha ya mwenzangu, na aliyeyalipia ni yeye.

Mwaka huu nami nimekutwa na presha. Daktari mjini Kisii alinieleza kwa Ekegusii, bila mtoto yeyote katikati yetu, kwamba kuna vinasaba tunavyorithi, na baadhi yake huchangia unene na presha kwa pamoja. Akasema kurithi si kuhukumiwa: mtu akipimwa mapema, akatembea, akapunguza chumvi na mafuta, anaweza kuishi vizuri tu. Kesho yake nilimpeleka binti yangu Nyaboke, mwenye mwili wa babu yake, naye apimwe. Alinuna njia nzima. Baba alining'inia kwenye mizani ashangiliwe. Binti yangu huipanda amefumba macho. Sipendi kumwona hivyo, lakini angalau yeye ameambiwa yote.

Kisha nikaenda kwa shangazi. Ni bikizee sasa, na vidonge vyake viko kwenye kikombe kando ya kitanda. Nilimtafsiria yale yaliyobaki, neno kwa neno, hadi lile la kuwaleta ndugu zake wote. Alikunja na kukunjua pindo la leso yake.

"Baba angekataa kwenda," nikasema, nikijitetea.

"Angekataa," akasema shangazi. "Lakini yule nilimlea mgongoni mwangu. Ningembeba tena."