Saa Mbili ya Motakaa

Muuguzi alipofungua kichupa cha spiriti ili amfute baba mkono kabla ya sindano, baba alifumba macho akageuza uso ukutani. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti kando ya kitanda, na harufu ile iliponifikia nikakisogeza nyuma.

"Babu, usiogope," muuguzi akasema. "Ni kama kuumwa na siafu tu."

Hakuiogopa sindano. Mkono aliokuwa akiufuta ni ule wa kulia, uliopinda chini ya kiwiko, na harufu ile tuliijua sisi wawili tangu zamani.

Baba tumemzika mwezi uliopita. Naandika haya kwa sababu nimebaki peke yangu ninayeyajua, na kwa sababu nina sehemu yangu humo ambayo sijawahi kumweleza jirani yeyote hapa Majengo. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo mtanivumilia nikienda taratibu.

Wakati wa Mdachi, Dodoma ilikuwa boma, stesheni, maduka machache na vumbi. Baba alikuwa fundi kwenye banda la reli. Vita vya Mdachi na Mwingereza vilipoanza, walimhamishia kwenye motakaa ya boma. Ilikuwa moja tu, ya kijivu, ina taa mbili za shaba zilizotoka nje kama macho ya chura. Ili iwake, mtu alisimama mbele yake akazungusha chuma kilichopinda, hendeli, kwa nguvu zake zote. Mbwa waliikimbia. Mama aliichukia tangu siku ya kwanza, na alikuwa na sababu.

Benzini ilikuwa ikija kwa meli. Meli zilipozuiwa, benzini ikaisha, na Wadachi wakatafuta kitu kingine cha kuinywesha. Wakaamuru wanawake wapike ujimbi, ile pombe yetu ya uwele, na kuupeleka bandani kwenye reli. Huko ulichemshwa kwenye pipa, mvuke ukapitishwa kwenye bomba la shaba lililozama kwenye maji, kisha ukachemshwa tena na tena mpaka ukawa spiriti kali inayowaka kwa moto wa buluu. Mwaka ule mvua haikunyesha. Uwele uliokuwa ghalani ndio uliokuwa uhai wetu, na askari walikuja kuupima kwa debe na kuuchukua.

Kwa kuwa mama alikuwa mke wa fundi, alifanywa msimamizi wa wapishi. Wanawake hawakumsamehe. Akipita kisimani walimsogelea na kumwambia, "Shikamoo, mke wa motakaa. Mwanao wa chuma ameshiba? Wetu wamelala na maji." Mama alijaza mtungi. Alirudi nyumbani, akatua mtungi, akamgeukia baba.

"Mdudu wako anakula chakula cha watoto wa watu."

"Si mdudu wangu," baba alisema. "Inakula uwele wetu sisi sote. Hata mimi nasema heri ife."

Nilikuwapo. Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu. Shikeni hilo, maana litarudi.

Hata hivyo baba alikuwa fundi, na fundi hawezi kuiacha kazi mbovu mbele yake. Nilipompelekea uji mchana alinionyesha mambo. Kwenye usukani palikuwa na upinde wa shaba wenye meno, nusu duara, ulioanzia chini kushoto, ukapanda, ukaishia juu kulia. Juu ya meno yale kilisogea kijiti cha chuma. Kijiti hicho ndicho kilichoamua cheche iwake lini ndani ya injini. Kushoto ni mapema, kulia ni baadaye.

"Spiriti ni kama kuni mbichi," alinieleza. "Mama yako akiwa na kuni mbichi anawasha mapema, la sivyo wageni wanafika sufuria bado baridi. Benzini ni nyasi kavu. Hiyo ukiiwasha mapema inamrukia mpishi usoni."

Motakaa ikishatembea kwa spiriti, alikisogeza kijiti kushoto kidogo kidogo huku amelaza kichwa upande. Akisikia injini inagonga kama kokoto ndani ya kibuyu, alikirudisha jino moja. Lakini wakati wa kuzungusha hendeli, iwe spiriti au benzini, kijiti kilikaa kulia. Ukikiacha kushoto kabisa, alisema, inapiga teke kama punda. Mdachi wa kwanza aliyeiendesha alimwachia kazi hiyo, akampa na tumbaku. Halafu Mdachi huyo akaenda vitani, akaletwa mwingine kutoka pwani.

Huyu tulimwita Bwana Saa. Alivuta saa mfukoni kwa mnyororo, akaitazama, kisha akakutazama wewe kana kwamba mmoja wenu amemwibia. Kiswahili alikisoma kwenye kijitabu. Siku ya pili aliwaambia wanawake walete maji saa mbili. Wakayaleta saa mbili asubuhi, jua likiwa bado changa. Hakuwapo. Alirudi mchana, akakuta ng'ombe wameshayanywa, akawachapa wanawake wawili fimbo za miguu. Hakuna aliyejua kosa lake. Wakasema Mdachi huyu ana kichaa cha jua, yakaishia hapo.

Siku ya nne alimkuta baba amelaza kichwa juu ya injini, anasikiliza.

"Wewe fanya nini?"

"Nasikiliza moto, Bwana."

"Sikio ya mbuzi!" Akamchapa kwa kifimbo juu ya sikio lile lile. "Hapana sikiliza. Hapana fikiri. Mimi sema, wewe fanya."

Baba alirudi nyumbani na sikio limevimba.

Siku ya tano zilikuja habari kwamba Waingereza wanakaribia kutoka Kondoa. Boma likawa kama kichuguu kilichopigwa teke. Bwana Saa alitakiwa kupeleka masanduku kusini, akatoa kopo la benzini lililokuwa limefichwa siku zote hizo. Mimi nilikuwa nimefika na uji. Mama alikuwapo pia, na wanawake wenzake, wameleta mitungi ya ujimbi. Baba alimwaga spiriti iliyobaki, akatia benzini. Bwana Saa alisimama barazani, saa mkononi, mbali na usukani.

"Leo benzini!" alipiga kelele. "Kijiti saa mbili!"

Baba aliinua uso. "Saa mbili, Bwana?"

"Saa mbili!"

Baba alitazama upinde wa shaba. Nilimwona akiinua kidole hewani, akichora saa. Kisha akatikisa kichwa.

"Bwana, saa mbili ni mapema mno. Itapiga teke."

"Hapana fikiri! Saa mbili!"

Askari aliyekuwa karibu alicheka. "Fundi, fanya unavyoambiwa. Sikio moja limebaki zima."

Basi baba alikisukuma kijiti kushoto, chini, mpaka mwisho wa meno. Akaenda mbele. Akashika hendeli, akaizungusha.

Motakaa ilipiga mlio mmoja mkavu. Hendeli ikarudi nyuma kwa nguvu, na nikasikia mlio wa pili, mdogo kuliko wa kwanza. Huo ulikuwa mkono wa baba. Alikaa chini kwenye vumbi, polepole, kama mtu aliyechoka, akautazama mkono wake uliokuwa umepata kiwiko cha pili.

Bwana Saa alishuka mbio. Hakumtazama baba. Alitazama kijiti, na shingo yake ikawa nyekundu.

"Wewe taka kuvunja motakaa! Makusudi!"

"Wewe ndiye uliyesema," baba alisema kutoka chini. "Umesema saa mbili. Nimeweka saa mbili."

"Mwongo!"

Kuharibu mali ya boma wakati wa vita kulikuwa na adhabu yake, na kamba ilikuwa mojawapo. Kila mtu pale uani aliijua. Bwana Saa aliangaza macho akitafuta mtu wa kuuliza, akaniona mimi. Akamwambia askari aniulize, baba yangu husema nini nyumbani kuhusu motakaa.

Mama alinifinya mgongoni. "Sema hujui," alininong'oneza.

Lakini baba mwenyewe alikuwa amenifundisha neno moja tangu nilipoanza kusema: ukiulizwa, sema kilichopo. Nikasema kilichopo. Nikasema, "Baba anasema inakula uwele wetu. Anasema heri ife."

Askari alisita. Nadhani alitaka kunisaidia. Bwana Saa alikuwa ameshaelewa.

Hawakumnyonga, kwa kuwa hapakuwa na muda, na hapakuwa na fundi mwingine wa kuwaelekeza. Walimlaza hapo hapo wakamchapa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, mkono uliovunjika ukiburuzwa vumbini. Wale wanawake waliomtukana mama kisimani walisimama na mitungi yao. Hakuna aliyelia. Wala hakuna aliyecheka, na hilo nawashukuru. Kisha baba alikalishwa kando, akaonyesha kwa mkono wa kushoto kijiti kikae wapi, Mdachi akaondoka.

Tulihamia Mvumi kwa wajomba. Mkono uliungwa na mzee mmoja wa huko, ukapona ukiwa umepinda. Baba hakushika tena chombo cha ufundi. Alichunga mbuzi wa shemeji zake. Alisema kila mara kwamba Mdachi yule alimvunja makusudi kwa sababu aliona wivu wa sikio lake. Mama hakunipiga. Heri angenipiga. Kwa mwaka mzima aliacha kuniita jina langu, akaniita Shahidi. "Shahidi, lete kuni." "Shahidi, funga mlango." Jina lilikufa taratibu, lakini mimi sikulisahau.

Sasa nirudi hospitalini. Wodini palikuwa na saa ya ukutani, na mchana ule aliingia sista mmoja wa Kizungu, mgeni, hajamaliza hata mwezi. Mshale mfupi ulikuwa unaelekea namba mbili. Aliusonta kwa kidole, akamwambia muuguzi, "Saa mbili. Sindano ya mzee."

Muuguzi alicheka mpaka akashika ubavu. "Sista, hiyo ni saa nane! Wewe unasoma namba, husomi saa."

Sista naye akacheka, akaona haya, akarudia kama mtoto wa shule: saa nane, saa nane.

Mimi sikucheka. Nilitazama ile saa. Saa mbili yetu, mshale uko kwenye nane, chini kushoto. Saa mbili yao uko juu kulia. Nikauona upinde wa shaba, mwisho wake mmoja na mwisho wake wa pili. Nikawaona na wanawake wa maji. Bwana Saa alikuwa amemwambia baba akiweke kijiti kulia, mahali pale pale ambapo sikio la baba lingekiweka, kama angeachwa asikilize.

Nilimwinamia baba nikamweleza yote, kwa sauti ya chini, mara mbili. Nilifikiri nampa kitu. Miaka arobaini alikuwa amemchukia mtu kwa kosa ambalo huyo mtu hakulifanya.

Aliutazama mkono wake uliopinda.

"Mimi nilimuuliza," alisema. "Nilisema, saa mbili, Bwana? Nikamwambia itapiga teke. Yeye aliniuliza nini?"

"Hakukuuliza kitu, baba."

"Basi."

Ndipo nikamwambia lile langu. Kwamba nilisikia saa mbili kwa masikio yangu, na niliona kidole chake kikichora saa, na sikumwambia yule askari, kwa sababu hilo sikuulizwa. Nilisema heri ife, nikafunga mdomo.

Baba aligeuza kichwa akanitazama. Macho yalikuwa makavu.

"Wewe ulijibu ulichoulizwa," alisema.

Muuguzi akaja na sindano ya saa nane, akafungua kichupa. Baba akageukia ukuta. Alifariki siku ya tatu bila kuongeza neno juu ya jambo lile, na mimi sikumuuliza alimaanisha nini.