Raba Mpya ya Kioo cha Baba

Kama utacheka, cheka sasa umalize, kwa sababu haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana wa jua kali, nikiwa na akili zangu timamu. Sinywi pombe wala sitafuni miraa. Na ningekuwa natunga, niamini, ningetunga kisa ambacho ndani yake mimi ni mtu mwema.

Baba alipofariki alituachia pikapu ya zamani aliyokuwa akibebea mbuzi kutoka Garbatulla hadi hapa Isiolo. Niliamua kuifufua. Mama alitamani kuipanda tena, na mimi, kusema kweli, nilitaka watu wa mtaa waione ikipita. Injini ikakubali, rangi ikapigwa, zikabaki raba za vioo, zile zenye manyoya laini zinazokaa ndani ya mfereji wa mlango ili kioo kipande na kushuka bila kugonga chuma. Zilikuwa zimekwisha kabisa. Ukiendesha, vioo vinapiga kelele na vumbi linakujaa puani.

Nilipong'oa ile ya mlango wa dereva nikaona jambo la ajabu. Chini ilikuwa imelika hadi chuma kinaonekana, lakini juu kabisa, kama upana wa vidole vinne, manyoya yalikuwa bado mapya. Yaani tangu raba ile iwekwe, baba hakuwahi kufunga kioo hadi mwisho. Kwenye vumbi kama hili letu? Nikamcheka mzee kimoyomoyo.

Nikasugua kutu, nikakata raba mpya, nikaipaka gluu na kuisukuma mferejini taratibu kwa bisibisi. Kioo kikapanda kimya hadi juu. Nilijivuna sana. Sikungoja hata gluu ikauke, nikalitoa gari kulijaribu kwenye barabara ya Gotu.

Huko mbele nikamwona mwanamke amesimama kando ya barabara, mtoto mgongoni, ameinua mtungi mtupu. Wewe unajua desturi ya huku kwetu. Mtu akiinua mtungi hivyo huulizi ni nani wala anatoka wapi. Unasimama, unampa maji. Na maji nilikuwa nayo, mtungi mzima nyuma ya kiti. Nikapunguza mwendo, tukatazamana. Ndipo nikaona lori linakuja na wingu lake la vumbi, nikakumbuka gluu yangu mbichi. Nikazungusha kioo hadi juu, nikakanyaga mafuta.

Kioo kimefungwa, mwanamke nimemwacha nyuma, lakini sauti yake nikaisikia ndani ya gari, hapa kwenye sikio la kulia. Haikuwa na hasira. Ilisema, "Leo pia umefunga."

Niligeuza gari. Usidhani ni huruma iliyonirudisha, ilikuwa hofu tupu. Vumbi la lori lilikuwa limetulia. Pale hapakuwa na mtu, hapakuwa na alama ya mguu, na kichaka cha kujificha hakipo.

Nyumbani nilimkuta mama anachambua maharagwe. Nikaanza kumweleza kwamba nimeona mwanamke mwenye mtungi na mtoto, kisha akatoweka. Kabla sijafika kwenye kioo, akaweka ungo chini.

"Huyo baba yako alimpita," akasema. "Wewe hukuwa umezaliwa. Ilikuwa kiangazi mbaya. Alifunga dirisha juu ya vumbi. Kurudi kesho yake, akapata watu wanazika yeye na mtoto. Hakufunga hiyo dirisha tena mpaka akakufa." Akanishika mkono. "Wewe ulimpa maji?"

Ungejibu nini? Mimi nilisema, "Nilimpa, mama."

Alilia. "Asante Mungu. Sasa mzee wangu apumzike."

Jioni ile nilipojaribu kufunga kioo, kilipanda kikakwama vidole vinne kutoka juu. Nimebadilisha raba tena, nimefungua mlango wote, nimenyoosha mfereji. Hakiendi. Mafundi wenzangu wamejaribu wakachoka. Mama anaona mwanya ule anafurahi, anasema nimefanana na baba. Jumapili tunaenda naye kanisani kwa pikapu hiyo, na akina mama wamekwisha kusikia jinsi mwanawe alivyomnywesha yule marehemu. Wananisalimia kwa heshima. Mimi naangalia viatu vyangu.

Nikipata nafasi naenda barabara ya Gotu na maji, naendesha polepole, kioo chote chini. Sijamwona tena.

Wewe unayepita njia hiyo, ukiona mtungi umeinuliwa, simama, vumbi liingie lote. Na ukimkuta yeye kabla yangu, mpe anywe ashibe, yeye na mtoto. Ila nakuomba, mama yangu asijue kwamba alikuwa bado anangoja.