Kipusa Alipokuwa Mgeni

Dada yangu mkubwa amesafisha vyumba vya hoteli moja ya vioo kwa miaka tisa, na hajawahi kulala hata kwenye kimoja. Mwaka huu uongozi uliahidi kwamba mfanyakazi atakayesifiwa zaidi na wageni atalala pale usiku mmoja, bure, kama mgeni. Akashinda mdogo wetu Kipusa, ambaye dada mwenyewe alimwombea kazi hiyo miezi minne tu iliyopita.

Nyumbani dada hakupata usingizi. Wivu ulimkaba kuliko kola ya sare yake. Asubuhi akasukuma toroli la usafi hadi chumbani kwa Kipusa, akabonyeza kengele kama anadai talaka, kisha akajifungulia kwa ufunguo wa kazi. Akakuta kitanda kimetandikwa, taka zimetolewa, na mgeni wake amepiga magoti bafuni, anasugua sakafu.

"We mtoto, unafanya nini?"

"Nimeamka alfajiri, dada. Mazoea tu."

"Bahati hii ningepewa mimi, wangenitoa humu na polisi!"

Akavuruga mashuka yote, akamsukuma Kipusa kitandani.

"Lala! Sikukesha nikikuonea wivu ili wewe usugue sakafu."