Bata wa Jirani

Wakati ule nilikuwa nakaa kwa dada yangu, mtaa wa Makorora. Shule nilishaiacha njiani, au tuseme tuliachana kwa ridhaa, maana hakuna aliyelia. Kazi yangu kubwa ilikuwa kula.

Siku moja shemeji akaja na bata kashanyonyolewa, akasema kamnunua sokoni. Dada, mja mzito wa kukaribia kujifungua, akampika kwa nazi. Tukala mpaka tukalamba vidole. Kesho yake naenda kumwaga majivu nyuma ya choo, nikauona mguu wa bata umefukiwa nusu, una kitambaa chekundu. Alama ile ilikuwa ya bibi jirani yetu, mjane. Bata wake wote aliwafunga hivyo.

Bibi naye akapita nyumba kwa nyumba: bata wake kapotea, asiporudi, Ijumaa anasomesha halbadiri. Mtaa mzima ukaanza kutazamana matumbo, maana tulijua dua ile humvimbisha mwizi na kila aliyekula naye. Mie nikawa najipapasa. Tumbo langu lilivimba tangu zamani, sasa nitajuaje? Shemeji akikohoa, namtazama. Akijikuna, namtazama. Naye ananitazama mie.

Lakini la dada halikuwa la kucheka. Kala bila kujua, na tumboni ana mtoto. Nikimtaja mumewe, nyumba imevunjika. Nikinyamaza, wanasomewa wote wawili, yeye na mwanawe.

Ijumaa asubuhi nikaenda kwa bibi, nikamkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kumwombea aliyemla bata wako."

"Marahaba." Ungo ukasimama. "Mie nimesema kapotea. Nani kakwambia kaliwa?"

Nikatafuta mzaha, sikuupata.

"Nimemla mie, bibi."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Akanitazama tumbo, nadhani ndilo lililonitolea ushahidi. Akasema basi, hasomeshi tena, ila nimchotee maji mpaka achoke kuniona.

Dada akajifungua salama, mtoto wa kike. Mimi nikipita mtaani, watu wanafungia kuku. Hata shemeji akanunua kuku wake, akawatilia kufuli bandani, akamwambia dada mbele yangu, "Huyu ndugu yako mimi simwamini."

Dada akanitazama mie, akamtazama mumewe. Kisha akanyoosha mkono, akauchukua ufunguo wa banda mkononi mwa mumewe, akaufunga kwenye pindo la kanga yake.